Siku Muzima, Farasi Moja

Benchi yetu ya Kashebere ni mbao moja nene iliyolazwa juu ya mapipa mawili, mbele ya meza ya Mama Thacienne, pale barabara ya Walikale inapinda kabla ya kuanza kupanda kwenda Masisi. Kila mwenye kungojea lori anakaa hapo, lakini wenyewe wa benchi tuko watano. Papa Esdras alikuwa karani wa tribinali ya kimila kwa miaka mingi, njo maana tunamuita Sheria. Hakuna jambo ambalo hajalipatia methali, hata kama methali yenyewe inaelekea upande mwingine. Papa Sebarenzi anatoka Burungu na fromage zake, jibini za maziwa ya ngombe, kila juma, tunamuita Fromage, naye hakasiriki. Mama Thacienne anachemsha kahawa na tangawizi, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Mimi nachaji telefone za watu kwa mwanga wa jua. Wa tano ni Léonard, motari wa kubeba abiria, jina lake la njiani Chapu, kwa sababu hakuna pikipiki inayofika Masisi mbele ya yake. Léonard anakunywaka kahawa akiwa amesimama, mguu mmoja tayari ku pikipiki.

Siku ya tatu ile juma alikuja, akakaa. Akakunywa kikombe cha kwanza mpaka mwisho, akaomba cha pili. Mama Thacienne alimuangalia kama muntu mwenye homa.

— Uko mugonjwa?

— Hapana, Mama. Niko nafurahi.

Aliisema na uso mukavu, kama muntu anatoa habari ya barabara.

Sisi tulikuwa tumesikia tayari. Motari mwenzake mmoja alikuwa ametangulia kufika na habari, eti Chapu alimupeleka mutoto wake mupaka Bweremana, kule ku kando ya ziwa, ambako wakati wa vakansi, likizo ya shule, walifungua uwanja wa michezo ya watoto. Eti kule kuna farasi za mbao zinazozunguka kwa motere, wanaziita maneje. Kuna na treni ndogo ya mapipa yaliyokatwa katikati, inavutwa na trakta. Kuna nyumba ya upepo ya kuruka ndani, kuna bembea, kuna na mitumbwi ya kukanyaga kwa miguu. Na Chapu, muntu wa mbio kuliko wote katika mkoa, alikaa kule tangu asubuhi mpaka jioni, na mutoto akapanda kitu kimoja tu.

Papa Esdras alikuwa ameisha kukata kesi mbele ya kusikiliza mushtakiwa.

— Bakubwa walisema, haraka haraka haina baraka, akaanza. Maana yake, baraka iko kidogo, muntu akimbie aikamate mbele iishe. Unafika ku michezo tano, unacheza tano. Wewe ulicheza moja. Ine uliacha kule, nani atacheza?

Papa Sebarenzi akatikisa kichwa, akasema methali ile haiko vile. Esdras akamujibu kwamba methali haina mwenyewe. Mama Thacienne akaweka birika chini, akamuambia Léonard aseme mwenyewe, kuanzia mwanzo. Na Léonard akasema. Mimi naandika vile nilimusikia, na pale benchi iliingilia, nitaonyesha.

Mutoto anaitwa Aurélie, ana miaka mine. Anaishi kwa mama wa Léonard, nyuma ya kanisa, na huyo bibi yake anamuita Koko. Mama wa mutoto, Francine, iko Bukavu anamalizia masomo ya uuguzi. Alimuacha binti yake hapa alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, kwa makubaliano, bila ugomvi. Sasa Francine alituma habari: mwezi wa tisa atakuja kumuchukua, aanze maternelle, shule ya watoto wadogo, kule Bukavu. Hilo ni jambo zuri, na Léonard mwenyewe alisema ni zuri. Lakini usiku ule alifanya hesabu ya aina nyingine. Miaka yote hiyo, yeye anatoka mutoto akiwa bado analala, anarudi mutoto ameisha kulala. Siku zingine analala Walikale, siku zingine Masisi. Mutoto anamuita Papa wa Pikipiki, vile watoto wote wa hapa wanasema Mama wa Kahawa. Akimubeba, mutoto anamuangalia Koko kwanza, kama kuuliza ruhusa.

— Nilisema mwenyewe, ataenda na atanisahau mbele ya kufika Sake, alituambia. Kwa hiyo nilitaka nimupatie kila kitu siku moja. Aende nayo.

Koko alimuvalisha mutoto robe, gauni ya manjano, na buti nyekundu za mvua. Wakasafiri, wakalala kwa dada ya Léonard kule Bweremana, na asubuhi walikuwa wa kwanza ku mulango. Léonard alikuwa amepanga michezo kama vituo vya safari: maneje, halafu treni, halafu nyumba ya upepo, bembea, mutumbwi, picha moja, limonadi moja, na saa sita kamili kuanza njia, wafike Masisi mbele ya mvua. Alikuwa na kila kitu ku vidole.

Kituo cha kwanza kilikufa palepale ku mulango. Ukuta wa uwanja ule ni mipira ya gari iliyozikwa nusu ku udongo na kupakwa rangi, nyekundu, buluu, manjano, safu ndefu. Aurélie akaona mpira wa kwanza, akaweka mukono ndani kuangalia kuna nini. Hakuna kitu. Akaenda ku wa pili. Ku wa tatu, Léonard akamunyanyua, akamubeba mpaka ku mustari wa kungojea maneje. Buti zake nyekundu zilikuwa zinapiga hewa.

— Kosa la kwanza, Papa Sebarenzi akasema. Ngombe ukimuleta ku njia mupya, anataka anuse. Ukimupiga, atakumbuka hiyo fimbo, njia hataikumbuka.

Esdras akasema mutoto si ngombe, na kwamba samaki hukunjwa angali mubichi, kwa hiyo mutoto anapashwa kupandishwa farasi kwa nguvu akiwa bado mubichi. Mama Thacienne akamuuliza kama yeye mwenyewe alishakunja samaki hata siku moja.

Zamu yao ilipofika, Léonard akamuweka mutoto ku farasi nyeupe, ile ya mbele, ile nzuri kuliko zingine. Mutoto akakamata shati yake. Yeye akafungua vile vidole kimoja kimoja, akasema haiumizi, ni mbao. Halafu motere ikawaka. Ile motere ilikuwa ya kinu cha kusaga muhogo kabla haijapewa kazi ya farasi, na sauti yake ilikuwa bado ya kinu. Aurélie alipiga kelele mpaka mama mwenye kuongoza motere akaizima. Watu nyuma wakaanza kunung'unika. Na mwanaume mmoja mwenye miwani ya jua, amekuja na gari lake na watoto watatu, akasema kwa sauti ili wasikie wote, eti hawa watu wa pori waanzie kwanza ku mbuzi, farasi watapanda mwaka ujao.

Hapo Léonard alizungusha kahawa ndani ya kikombe.

— Ile haya njo ilinifanya nimuvute, akasema. Nilimuvuta mukono. Hapana kidogo. Nilimuvuta.



Mutoto hakulia. Hilo njo lilimuumiza zaidi. Alisimama chini mbele yake na zile buti, akamuangalia juu, akasema kwa heshima, vile abiria anaombaka kushuka:

— Papa wa Pikipiki, unipeleke kwa Koko.

Léonard alituambia kwamba ameishi njiani miaka kumi na moja. Ameanguka mara tatu, mguu mmoja ulivunjika karibu na Nyabiondo, ameisha vuka mito yenye kubeba madaraja. Lakini hajasikia maneno yenye kumuangusha kama yale. Akamubeba, polepole sasa, akaenda kukaa ku jiwe moja karibu na maji, na katika kichwa chake safari ilikuwa imeisha. Alikuwa anafikiri tu vile atamurudisha mutoto nyumbani, amukabidhi kwa Koko, halafu achukue abiria wa kwanza mwenye kupita.

Maneje iliposimama kungojea watoto wengine, yule mama wa motere akaja kuwaona. Anaitwa Mama Hélène, muntu wa Bweremana, mnene, mikono imejaa mafuta ya motere mpaka ku viwiko. Alichuchumaa mbele ya Aurélie, akasifu buti zake, halafu akamuangalia Léonard.

— Papa, akamuambia, hii maneje haiendake popote. Inazunguka hapahapa mupaka jioni. Sasa nyinyi munaikimbilia wapi?

Njiani, abiria wakimuuliza Léonard ni kwa nini anakimbia, siku zote ana jibu: mvua, giza, daraja, lori mbele. Pale hakukuwa na mvua wala lori. Kulikuwa na ziwa limetulia, na farasi za mbao nane.

— Njo nikamuuliza mutoto, alituambia. Kitu sikuwa nimefanya tangu tutoke hapa. Nikamuuliza, Aurélie, wewe unataka nini? Akasema, mipira.

Basi wakarudi ku mulango, mahali pa kuanzia, wakati watu wote walikuwa wanaingia. Mlinzi akafikiri wanaondoka. Aurélie akaanza tena ku mpira wa kwanza. Akaweka mukono ndani, akatoa, akamungojea baba yake naye aweke. Léonard akaweka. Wakaenda ku wa pili. Ndani ya mmoja kulikuwa na maji ya mvua na viluwiluwi, wakakaa pale mpaka Aurélie akaridhika kwamba hakuna hata kimoja chenye miguu. Ndani ya mwingine kulikuwa na sanduku la viberiti lisilo na kitu. Na karibu na kona, ndani ya mpira wa buluu, kulikuwa na kuku wa mlinzi, amekalia mayai, amejitanua manyoya.

Wakachuchumaa mbele ya yule kuku wote wawili.

— Juu ya nini anakasirika? Aurélie akauliza.

— Anachunga batoto yake. Iko ndani ya mayai.

— Papa yao iko wapi?

— Iko ku kazi.

Mutoto akafikiri.

— Ku pikipiki?

Hapo Papa Sebarenzi alicheka mpaka akashika kofia. Léonard alimungojea amalize, halafu akasema kwamba yeye pia hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema ukweli. Alimuambia mutoto kwamba wakati mwingine papa anaenda mbali sana mpaka anasahau kuuliza mayai yamefikia wapi. Aurélie akatikisa kichwa kama muntu mukubwa. Akaweka kidole karibu na mudomo, maana yake wasimusumbue kuku, na wakabaki pale. Ni muda gani, Léonard hajui. Alisema ni mara ya kwanza katika maisha yake ya motari kutojua ni saa ngapi.

Esdras hakuvumilia tena. Alitaka kujua kama kweli muntu anatoka Kashebere, anapita Masisi, anapita Sake, anashuka mpaka ziwa, kwenda kuangalia kuku. Kuku wako hapa. Mmoja alikuwa anapita wakati ule ule chini ya benchi.

— Lakini hapa hajachuchumaaka na mutoto mbele ya kuku, Mama Thacienne akasema.

Saa sita ikafika, wakala. Dada yake alikuwa amewafungia ndizi za kupika na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Aurélie alikula miili kwanza, akapanga vichwa ku jani, akavila mwisho kimoja kimoja. Treni ya mapipa ilipita mbele yao mara nyingi. Kila ilipopita aliipungia mukono, na watoto wa ndani wakamupungia. Léonard akamuuliza kama anataka kupanda. Akasema hapana, akipanda nani atawapungia wale? Yule mwenye miwani ya jua alikuwa ameisha kumaliza michezo yote mitano. Walimuona anaelekea ku gari, anavuta watoto watatu wanaolia, kila mmoja na sauti yake. Léonard alituambia hakumucheka. Alijiona mwenyewe mle, asubuhi ile ile.

Saa saba ikapita. Kwa muda alijisikia kama muntu ambaye gari limemuacha. Halafu ile hali ikatoka, akabaki muntu amekaa na binti yake ku majani.

Hapo benchi ikaanza kutafuta sababu. Papa Sebarenzi alisema jambo liko wazi: farasi nyeupe ilikuwa inanuka rangi mupya, na mutoto mwenye pua nzuri hawezi kukubali mnyama asiye na harufu ya mnyama. Esdras akasema hapana, ni upande wa kuzunguka. Aliuliza ile maneje inazungukia wapi, Léonard akaonyesha kwa kidole, na Esdras akapiga goti lake kwa furaha: njo ile, inazunguka kinyume na jua, na damu ya watu wa musitu wa Walikale haikubali kuzunguka kinyume na jua, babu zetu waliogopa hata kuzungukia mti vile. Sebarenzi akauliza, basi mbona watoto wa Bweremana wanazunguka? Kwa sababu wale ni wa maji, Esdras akajibu, na maji hayana upande. Sebarenzi naye akaleta ya kwake, nzito zaidi: kwamba kule Burungu, maziwa ukiyatikisa sana kwa mzunguko yanakuwa siagi, na mutoto mwenye kunywa maziwa asubuhi, ukimuzungusha mara nyingi, kitu kinaweza kuganda ndani. Esdras akakubali palepale. Akasema hata Ulaya wanajua, njo maana watoto wa kule wananona.

Mama Thacienne aliwaangalia wote wawili, akamuongezea Léonard kahawa.

— Endelea, baba. Hawa wataganda wenyewe.

Mchana ukiwa umeinama kidogo, Mama Hélène akazima motere ili aitie mafuta. Uwanja ukawa kimya. Aurélie akasimama mwenyewe, akamushika baba yake kidole, akasema anataka kuona farasi wakipumzika. Mama Hélène akawaruhusu. Mutoto akazunguka zile farasi nane, akagusa pua ya kila mmoja, akaangalia chini ya matumbo. Ile nyeupe aliipita bila maneno. Akasimama mbele ya farasi mmoja wa kahawia, wa nyuma, mwenye sikio lililovunjika na kufungwa kwa waya.

— Huyu iko na kidonda, akasema. Mimi naye.

Léonard hakuelewa kama anasema atapanda huyo, ao anasema yeye naye ana kidonda. Hakuuliza. Akamuweka juu, bila motere, akasimama pembeni. Aurélie akazoea. Akashika ule waya wa sikio, akausemesha kitu. Halafu akamuambia Mama Hélène kwamba sasa inaweza kulia.

Motere ikalia. Mutoto akakaza mabega, lakini hakufunga macho. Léonard alikuwa amesimama palepale juu ya mbao zinazozunguka, mukono wake ku mugongo wa mutoto. Mara moja wakazunguka. Mara ya pili. Ku mara ya tatu Aurélie akamugeukia.

— Shuka.

Alifikiri mutoto anataka kushuka. Akataka kumunyanyua.

— Hapana. Wewe, Papa. Shuka, ungoje pale.

Léonard alirudia kwetu yale maneno mara mbili, ili tusikie vizuri lile jina jinsi lilivyokuwa, peke yake, bila pikipiki nyuma. Alishuka. Kwa kuwa mbao zilikuwa zinatembea, karibu aanguke mbele ya watu wote. Akasimama pale alipoambiwa. Farasi wa kahawia akapotea upande mwingine, akarudi, na Aurélie alikuwa amekaa wima, mukono mmoja ku waya, mwingine juu.

— Papa, niko hapa.

— Nakuona.

Akapotea, akarudi.

— Papa, niko hapa.

— Nakuona.

Kila mzunguko vile. Mama mmoja mwenye mutoto mugongoni, aliyekuwa kando yake, alimuuliza kama yule mudogo wa robe ya manjano ni wa kwake. Na Léonard, ambaye asubuhi alikuwa anatafuta mahali pa kuficha uso, alimujibu kwa sauti ya kusikika mpaka ku mitumbwi.

— Ni wangu. Tunatoka Kashebere.

Nakuambia ukweli, tulipofika hapo hata benchi ilikaa wima. Papa Esdras alivuta koti lake. Kashebere yetu haitajwaki mahali pengi, na ikitajwa ku redio si kwa farasi. Sasa kule ziwani kuna watu wanaoijua kwa sababu ya mutoto wa miaka mine aliyemungoja farasi wake siku muzima, akamuchagua mwenyewe, akamupanda mwenyewe. Papa Sebarenzi alisema kama mutoto angekuwa wa Burungu, wangechinja ngombe. Mama Thacienne alipangusa macho kwa kitambaa cha birika, akasema ni moshi.

Kurudi, asubuhi ya kesho yake, Léonard alisimama kila mahali Aurélie alipoomba. Ku vilima vya Mushaki walisimama kuangalia ngombe. Walisimama ku chemichemi, walisimama kwa mama mwenye kuuza maembe ambaye hawakununua kitu kwake, walimusalimia tu. Motari wengine walimupita, wakapiga honi, wakashangaa. Walifika nyumbani mchana. Mutoto alishuka, akaenda kwa Koko, akamuambia kwa kirefu habari ya viluwiluwi. Habari ya farasi aliisema mwishoni, kwa neno moja, kama kitu cha kawaida.

Francine anakuja baada ya majuma mawili. Léonard amemupigia tayari. Wamekubaliana kwamba Pasaka na Noeli mutoto atakuwa hapa, na yeye Léonard kila mwezi atashuka Bukavu siku mbili, bila abiria. Nilimuuliza kama sasa haogopi kusahauliwa.

— Naogopa, akasema. Lakini ataenda na papa. Mbele ya hii safari, angeenda na muntu wa pikipiki.

Esdras alikuwa bado na kesi yake. Alisema yote ni mazuri, lakini sheria inabaki: michezo mine haikuchezwa. Alisema chovya chovya humaliza buyu la asali, kwa hiyo Léonard angechovya zaidi. Sebarenzi akamujibu kwamba hiyo methali inamuunga mukono Léonard. Wakaanza kubishana ni kitu gani kilikuwa kikubwa siku ile. Esdras alisema ni farasi, kwa sababu njo mchezo pekee waliokatia tikiti. Sebarenzi akasema ni kuku. Mimi nikasema ni lile neno Papa. Léonard mwenyewe akasema ni kumuona akirudi kila mara kutoka upande mwingine wa maneje.

Ku mwisho wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja mugeni, anangojea lori la kwenda Walikale, na kikapu cha vitunguu mbele ya miguu yake. Alikuwa amesikiliza yote. Aliomba samahani kwanza, vile mugeni anapashwa kufanya, halafu akauliza:

— Na mutoto mwenyewe, anasema alipenda nini?

Tuliangaliana. Sebarenzi akamuangalia Léonard, na Léonard akaangalia chini. Siku mbili zilikuwa zimepita. Kijiji kizima kilikuwa kimesema juu ya ile safari, na hakuna hata mumoja aliyemuuliza.

Bahati yetu, Koko alikuwa anarudi kutoka sokoni, na Aurélie anamufuata nyuma, amebeba fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani bila kulishika. Léonard akasimama, akaenda kukutana naye katikati ya barabara, akachuchumaa.

— Aurélie, kule Bweremana, ulipenda nini kupita yote?

Mutoto hakuharakisha. Alitoa kwanza ile sombe kichwani, akamupatia Koko. Akafikiri, anaangalia lori linalopita, anaangalia sisi.

— Meno ya Papa, akasema.

— Meno?

— Wakati nilikuwa nazunguka. Ulikuwa unayaonyesha yote. Sikujuaka iko mingi vile.

Nikakumbuka basi kwamba miaka yote ya benchi sijamuona Léonard akicheka. Motari anafunga kinywa kwa sababu ya vumbi, na kidogo kidogo inakuwa tabia. Katika yote aliyotusimulia, hilo hakulisema, maana hakulijua. Sasa wote tulikuwa tunamuangalia mudomoni, na yule mama wa vitunguu pia. Alijaribu kuufunga, akashindwa.

Mama Thacienne akazunguka meza yake, akaja mpaka barabarani na birika mukononi, akainama kidogo ili aone vizuri.

— Ni kweli, akasema. Iko mingi.